Sura ya Sita: Mgeni wa Maskati

Ndege inayotoka Zanzibar hukaa angani muda wa saa tano na ushei kabla ya kutua Maskati. Kabla ya injini, njia hiyohiyo ilikuwa ya upepo. Majahazi ya Omani yaliteremka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakashusha tende, chumvi, papa mkavu na mazulia huko Lamu, Mombasa na Unguja. Kisha yalingoja upepo wa kusi ushike, mwezi wa Aprili, ndipo yarudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu na karafuu. Miezi ile ya kungoja haikuwa ya hiari. Nahodha na mabaharia wake walipanga vyumba mitaani, wakakopa na kukopesha, wakaoa, wakasali safu moja na wenyeji, na wakaondoka wakiwa wanajua majina ya watoto wa jirani.

Msafiri wa leo anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda upande ule wa pili ana wiki moja, pengine siku kumi. Muda wa kuzoeana hana. Kazi iliyofanywa zamani na upepo inambidi aifanye mwenyewe, tena aifanye nyumbani, kabla hajakata tiketi.

Wengi hupanga safari kwa kuanza na picha: msikiti mkuu, korongo lenye maji ya kijani, ngome, kasa wanaotaga mchangani. Tarehe hufuata bei ya tiketi, na watu hawamo kabisa kwenye mpango. Omani inafaa ipangwe kinyume chake. Kwanza kalenda, kwa sababu kalenda ndiyo inayoamua kama mgeni atawakuta watu nje barazani au wamejifungia ndani na kiyoyozi.

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Maskati hupita nyuzi 40, na usiku hauleti nafuu kubwa. Mwezi Juni 2018, mji wa Quriyat, kusini mashariki mwa Maskati, ulikaa saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Katika hali hiyo hakuna mtu anayesimama njiani kuongea na mgeni, na mgeni mwenyewe hana hamu hiyo.

Kuna mahali pamoja ambapo hesabu hii hugeuka. Salalah, mji mkuu wa jimbo la Dhofar, uko karibu kilomita 1,000 kusini magharibi mwa Maskati, na kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba hupata manyunyu na ukungu kutoka baharini. Upepo unaoleta manyunyu hayo ni mwendelezo wa kusi ileile inayovuma pwani ya Afrika Mashariki. Milima inageuka kijani, na kando ya barabara wauzaji hupanga madafu, ndizi na mapapai kwenye vibanda, hata mtu wa Tanga au Kilifi akajihisi yuko kwao. Lakini msimu huo ndio ambao familia kutoka nchi zote za Ghuba hukimbilia huko, hoteli hujaa na bei hupanda. Anayetaka Salalah ya Agosti aweke nafasi mapema.

Ramadhani nayo iwemo kwenye hesabu, maana kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11 kwenye kalenda ya kawaida. Mchana wa Ramadhani kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani ni kosa kisheria, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu, na migahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Kwa mtalii anayefuata mandhari, huo ni mwezi mgumu. Kwa anayefuata watu, ni mwezi mwema, kwa sababu usiku mji mzima uko nje na futari hugawiwa kwa yeyote anayefika msikitini. Sikukuu za Idi ni jambo jingine: Maskati hubaki tupu, watu wamekwenda vijijini kwa wazee wao, na asiye na mwaliko hukuta maduka yamefungwa.

Karatasi za safari hazina mengi. Viza huombwa kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Omani, na masharti hutegemea pasipoti, hivyo yasomwe huko na si kwa wakala wa mtaani. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi moja hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kadi. Dawa za hospitali zisafiri na cheti cha daktari. Saa ya Omani iko mbele ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Pesa inahitaji uangalifu zaidi kuliko karatasi. Riali ya Omani imefungwa na dola, kwa kiwango kisichobadilika tangu 1986, na riali moja ni takriban dola 2.60. Inagawanyika katika baisa 1,000, si senti 100, ndiyo maana bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta: chai ya 0.200 ni baisa 200. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa maelfu ya shilingi huona riali tatu akadhani ni kitu kidogo. Bajeti ya siku iandikwe kwa shilingi kwenye daftari kabla ya kuondoka, na iwe na fungu la zawadi, kwa sababu atakayeelewana na Waomani hatarudi bila kupewa kitu, na kupokea kila siku bila kutoa chochote huchosha moyo.

Mwomani wa kwanza ambaye mgeni huzungumza naye kwa utulivu kwa kawaida ni dereva wa teksi. Sababu ni ya kisheria: zaidi ya theluthi ya wakazi wa nchi ni wageni wa kazi kutoka India, Bangladesh, Pakistan na kwingineko, na hao ndio wengi madukani, hotelini na kwenye migahawa, lakini udereva wa teksi umetengwa kwa raia. Anayetaka kuanza kuijua nchi aanzie kwenye kiti cha teksi. Mwanamume akipanda peke yake hukaa mbele na dereva; mwanamke hukaa nyuma, na hakuna anayeliona hilo kuwa ni kujitenga.

Ndani ya teksi hiyo, au kwenye foleni ya benki, au nje ya msikiti baada ya sala, litatokea jambo ambalo mtalii wa Ujerumani au wa China halimtokei. Atasikia Kiswahili.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'arubi aliwafukuza Wareno Maskati, na mwaka 1698 mwanawe Saif bin Sultan akaitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan aliyahamishia Unguja makao ya utawala wake, na familia za Kiomani zikaenea kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, kisha zikaingia Kongo, Burundi na Rwanda. Yakaja Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Waliokimbia hawakupokelewa wote Omani, kwani nchi ilikuwa imefungwa chini ya Sultani Said bin Taimur. Mlango ulifunguliwa baada ya Julai 1970, pale mwanawe Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi. Nchi ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, na wakawa walimu, wauguzi, makarani, wahandisi na watangazaji. Kiswahili kikaingia ofisini na hospitalini pamoja nao.

Hapa ndipo msafiri wa Afrika Mashariki huwa na bahati kubwa, na ndipo pia hukosea kwa urahisi.

Kosa la kwanza ni kumtambua mtu kwa rangi. Waomani weusi wapo wengi ambao hawajui neno hata moja la Kiswahili, na wapo Waomani weupe wanaozungumza Kiswahili cha Mji Mkongwe bila kigugumizi. Anayemwendea mtu kwa Kiswahili kwa sababu ya sura yake amemwambia, pasipo kukusudia, kwamba haonekani kuwa mwenyeji wa nchi yake. Salamu ya kwanza iwe assalaam alaykum kwa kila mtu, mazungumzo yaanze kwa Kiarabu kidogo au Kiingereza, na Kiswahili kingoje kitokee chenyewe. Hutokea mara tu mgeni anapotaja anakotoka. Dereva akisikia Tanga au Mombasa, kama anayo lugha, ataitoa hapohapo.

Kikishatokea, adabu yake ni ya zamani. Mzee aliyeondoka Unguja akiwa kijana mwaka 1964 amebaki na Kiswahili cha wakati ule, na shikamoo kwake ni deni, si pambo. Apewe shikamoo, aulizwe hali yake, ya nyumbani kwake, ya wanawe, na asikatizwe anapouliza ya mgeni. Mambo, poa na niaje zibaki kwa vijana, na hata kwa hao huenda zisieleweke, kwa kuwa wajukuu wengi wa waliorudi wanakisikia Kiswahili cha bibi yao jikoni lakini hujibu kwa Kiarabu. Mama mtu mzima aitwe bibi au mama, asiitwe kwa jina.

Swali la "Wewe Mzanzibari?" nalo liachwe. Kwa wengine ni fahari. Kwa wengine ni neno waliloitwa waliporudi, la kuwatenga na Waomani waliokuwa hawajaondoka, na uchungu wake bado upo. Anayetaka kujua aulize amekulia wapi; mwenye kutaka kusimulia atasimulia mengi.

Na yako yaliyo mazito zaidi. Katika sebule moja anaweza kukaa mwenyeji ambaye baba yake aliuawa Januari 1964 na mgeni ambaye bibi wa bibi yake alipita Bagamoyo akiwa na mnyororo shingoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku visiwani mwaka 1897, na Omani haikuufuta hadi 1970. Mambo haya mawili hayapimwi kwenye mizani moja wala hayafutani. Mwandishi wa sura hii anaona njia bora ni kumwachia mwenyeji achague lini yatajwe, kumsikiliza hadi mwisho akianza, na kusema ukweli kwa sauti ya chini akiulizwa. Kukubali kwa adabu jambo ambalo mgeni haliamini hakumheshimu mwenyeji. Wazee wa pande zote mbili wameyabeba haya kwa miaka mingi, na wana uwezo wa kuyasikia yakisemwa vizuri.

Mazungumzo kama hayo hufanyika juu ya kahawa, na kahawa ya Omani ina utaratibu ambao mgeni hana budi kuujua.

Viatu huvuliwa mlangoni. Watu huketi chini, juu ya zulia, na mgeni hukunja miguu ili unyayo wake usimwelekee mtu. Kabla ya kahawa huja sinia: matunda, tende, na sahani ya haluwa, ileile nyeusi inayong'aa ambayo mtu wa pwani anaijua kutoka harusini, yenye iliki na zafarani. Huliwa kwa vidole vya mkono wa kulia, na kuna bakuli la maji la kusuzia. Kisha kijana wa nyumba husimama na dele katika mkono wa kushoto na finjani katika wa kulia. Humimina kidogo, chini ya nusu ya finjani, na hilo si uchoyo: finjani iliyojaa ni ishara kwamba mgeni anaharakishwa aondoke. Kahawa haina sukari. Mgeni huipokea kwa mkono wa kulia, hunywa, na akiirudisha hivihivi humiminiwa tena, na tena. Anayetosheka huitikisa finjani kidogo kwa kifundo cha mkono, kulia na kushoto, ndipo aikabidhi. Finjani moja ni kidogo, tatu zinatosha. Wakati wote huo kijana hakai, kwa hiyo mgeni anayeacha finjani ipoe mkononi huku akisoma simu amemsimamisha mtoto wa watu bure.

Katikati ya hayo mwenyeji huuliza habari, naye huulizwa. Jibu la kwanza ni kheri, hata kama kuna matatizo. Matatizo yana zamu yake. Msomaji aliyelelewa barazani Lamu au Pangani hana la kujifunza hapa, isipokuwa kutoliacha alilolelewa nalo kwa sababu yuko safarini.

Maskati yenyewe yatosha siku mbili au tatu. Ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno mwishoni mwa miaka ya 1580, zinatazamana juu ya bandari ya zamani, na mtu wa Mombasa ataona mara moja udugu wake na ile ya nyumbani, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yako mkabala na kasri ya Al Alam, na ndiyo mahali pazuri pa kuuliza yale maswali ya historia ambayo si vyema kuyaanzisha sebuleni kwa watu. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkuu lina uzito wa tani 21 na lilifumwa na mafundi wa kike wapatao 600 wa Uajemi kwa miaka minne. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Mwanamke hufunika nywele, mikono na miguu. Kwa anayetoka na kanga mbili na mtandio kwenye begi, hilo ni jambo dogo kuliko kwa mtalii wa Ulaya anayelazimika kukodi nguo mlangoni.

Soko la Mutrah hupumzika mchana na kufunguliwa tena alasiri, na Ijumaa asubuhi halifunguki. Ubani bora ni ule mweupe unaoelekea kijani, wenye punje kubwa na safi. Muuzaji mkweli humchomea mteja kipande kwenye chetezo kabla hajalipa. Kupatana bei kupo, lakini ni kwa upole na kwa tofauti ndogo. Anayetaja nusu ya bei kama alivyozoea Kariakoo humwona muuzaji akigeukia kazi nyingine.

Wikendi ya Omani ni Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013. Ratiba nzuri humfikisha mgeni Nizwa Alhamisi jioni, karibu saa mbili za barabara kutoka Maskati, ili Ijumaa alfajiri awe kwenye mnada wa mifugo chini ya kuta za ngome.

Mnada huo ni duara. Katikati kuna jukwaa lenye paa, na kulizunguka kuna njia ya vumbi, kisha safu ya nje ya watu. Wenye mbuzi huzunguka njia hiyo wakiwavuta kwa kamba, wakitaja bei kwa sauti kila hatua. Wanunuzi wamechuchumaa pande zote mbili. Mmoja hunyosha mkono, humsimamisha mbuzi, humfungua mdomo kuangalia meno, humbonyeza mgongo, humwinua mguu, hutaja namba. Muuzaji hutikisa kichwa na kuendelea. Raundi inayofuata namba imepanda kidogo, kamba inabadilisha mikono, na yote yamekwisha kwa maneno yasiyozidi manne. Wanawake wa kibedui waliovaa barakoa hununua na kuuza humohumo, tena kwa ukali. Karibu na Idi kubwa bei hupanda na duara hujaa hadi hakuna pa kupita.

Tatizo la mnada huu siku hizi ni kamera. Wageni huingia kwenye njia yenyewe kupiga picha, muuzaji hulazimika kuwakwepa, ndama hushtuka. Mgeni mwenye busara husimama safu ya nje, simu mfukoni, nusu saa nzima. Ataona mengi kuliko yatakavyoingia kwenye picha, na baada ya muda mtu wa kando yake atamuuliza ametoka wapi na mbuzi kwao ni bei gani. Swali hilo la bei ya mbuzi ni mlango mpana. Mmasai, Mgogo au Msomali mwenye majibu sahihi atazungukwa na wasikilizaji. Ruhusa ya picha iombwe baada ya hapo, kwa wanaume tu. Wanawake wasipigwe, hata kwa mbali.

Mnara mkubwa wa ngome ya Nizwa ni kazi ya yuleyule Sultan bin Saif aliyewafukuza Wareno, na inasemekana ulichukua miaka 12. Chini yake kuna vyumba vya kuhifadhi tende, vyenye sakafu ya mifereji ya kukusanyia asali inayochuruzika kwenye magunia. Asali hiyo ilichemshwa na kumwagwa juu ya adui aliyefika mlangoni.

Kutoka Nizwa njia hupanda milimani. Kwenda Jebel Akhdar polisi husimamisha magari kwenye kizuizi cha Birkat al-Mouz na kuruhusu tu yale yenye nguvu ya magurudumu manne. Aprili ndio mwezi wa waridi huko, na wa kuchemsha maji yake. Lakini anayependa watu aende Misfat al Abriyyin, kijiji cha mawe kilichojengwa juu ya miamba, ambako baadhi ya wenyeji wamegeuza nyumba za babu zao kuwa za kulaza wageni.

Kijiji hicho kinaishi kwa falaj, mfereji unaotoa maji kwenye chemchemi na kuyateremsha kwa mwinamo tu, bila pampu. Omani ina mifereji ya namna hiyo ipatayo 3,000 inayofanya kazi, na mitano kati yake iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yana daraja zake: juu kabisa ni ya kunywa, kisha ya msikiti, kisha mahali pa kuogea wanaume na pa wanawake, ndipo mitende, na mwisho mazao ya msimu. Kila shamba lina zamu yake, iliyopimwa zamani kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku, na zamu hurithiwa, hukodishwa na kunadiwa. Mtalii anayetumbukiza miguu kwenye mfereji sehemu ya juu amechafua maji ya kunywa ya watu wa chini. Anayefungua kizuizi kidogo cha mawe ili mtoto wake achezee maji ameiba zamu ya mtu. Vibao vya kijiji huomba mavazi ya heshima na sauti ya chini, kwa Kiingereza na Kiarabu, lakini habari ya zamu haijaandikwa popote. Ni ya kuuliza.

Barabara za Omani ni nzuri sana, na hatari yake kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda ni moja: magari hupita upande wa kulia. Siku ya kwanza ya kukodi gari isiwe ya kutoka uwanja wa ndege usiku. Hatari ya pili ni makorongo. Wadi Shab, njiani kwenda Sur, ni pazuri mno. Mtumbwi huvusha wageni, kisha hutembewa karibu saa moja hadi kwenye madimbwi ya kuogelea, na mwanamke anayeogelea na nguo za heshima hujistiri na maneno. Ila mvua ikinyesha milimani mbali, korongo kavu hujaa kwa dakika chache chini ya jua kali. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 15, wakiwemo watoto wa shule. Mwenyeji akisema leo hakuingiliki, safari ya siku hiyo imekwisha.

Sur ni mji wa majahazi, na mafundi wake bado wapo. Huko ndiko kilikojengwa mwaka 1980 chombo cha Sohar, kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ambacho msafiri Tim Severin na mabaharia wa Kiomani walikiendesha hadi China. Mtu wa Lamu akikitazama, pale kilipowekwa kwenye mzunguko wa barabara wa Al Bustan mjini Maskati, ataona ufundi wa mtepe wa kwao. Huko Sur kwenyewe limehifadhiwa Fatah al-Khair, jahazi la mwaka 1951 lililokuwa limeuzwa nje, na watu wa mji wakachanga pesa kulinunua tena kutoka Yemen. Mzee wa huko aliyewahi kuwa baharia anaweza kuzitaja bandari za Afrika Mashariki kwa mpangilio, na hakuna zawadi kubwa kwake kuliko mtu wa kumwambia Pangani imekuwaje sasa. Mashariki zaidi, Ras al-Jinz, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Huonwa kwa kufuatana na kiongozi tu, bila tochi wala mwanga wa kamera.

Aliyekwenda hivi, taratibu, huitwa nyumbani. Mwaliko wa mara ya kwanza unaweza kuwa wa adabu tu. Ukirudiwa mara ya pili na ya tatu, na siku ikatajwa, ni wa kweli. Saa ithibitishwe kwa namba, 1:00 mchana, kwani wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wasiohesabu hivyo katika nyumba moja. Wanaume na wanawake huenda wakala vyumba tofauti. Chakula huja kwenye sinia moja: wali, nyama, na siku ya Idi shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa majani na kufukiwa kwenye shimo la moto siku nzima au mbili. Kila mtu hula mbele yake. Mwenyeji ndiye huvusha nyama nzuri upande wa mgeni. Zawadi zifaazo ni karafuu, korosho, majani ya chai, na kanga kwa wanawake wa nyumba, zitolewe kimya na zisishangaze zikiwekwa kando bila kufunguliwa. Mwisho huzungushwa ubani kwenye chetezo. Mgeni hufukiza nguo zake, na muda si mrefu baada ya hapo huaga.

Kinachofuata hutokea mara nyingi mno kiasi cha kustahili kupangwa tangu mwanzo. Familia nyingi zina ndugu Unguja, Tanga, Mombasa au Bujumbura, na mgeni anayerudi huko hupewa kifurushi. Kukataa ni kuzito, na hakuna haja. Aombe kwa uwazi kuona kila kitu kikifungwa mbele ya macho yake. Watu waelewa hawaudhiki, na asiyetaka kifunguliwe asibebewe. Haluwa na maji ya waridi huwekwa kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Kwa hiyo wakati wa kwenda, begi liwe na nafasi ya kilo tano au sita, namba ya simu ya mpokeaji ichukuliwe pamoja na kifurushi, na apigiwe siku ileile ya kutua, kwa sababu Maskati wanangoja kusikia kwamba kimefika.